Louis Rwagasore: Mwanamfalme aliyeomba kura Buyenzi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu pale Cyangugu, kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda. Hapo huteremka kwa kasi kati ya Rwanda na Kongo, kisha hutulia katika uwanda wa joto kati ya Burundi na Kongo, hadi kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, karibu na mji ambao zamani uliitwa Usumbura. Ni safari ya kilomita zipatazo 120. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga bwawa la umeme huko Mururu, kilomita chache kutoka Cyangugu, ili kuwasha taa za Bukavu na za Usumbura. Barabara ya bondeni nayo ilikuwa njia ya wafanyabiashara wa Kamembe kuelekea kwenye maduka ya jumla ya mji huo wa ziwani.

Usumbura ulikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi zikitawaliwa na Ubelgiji kwa pamoja chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mtu wa Cyangugu na mtu wa Gitega walikuwa na wafalme tofauti, lakini gavana wao alikuwa mmoja. Mwezi Septemba 1961, wiki moja tu ikitenganisha kura za nchi hizo mbili, wote waliulizwa ni nani awaingize katika uhuru. Majibu yao hayakufanana. Jibu la Burundi lilibeba jina la kijana wa miaka 29, Louis Rwagasore, na kati ya siku ya ushindi wake na siku ya kifo chake zilipita siku 25.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawazwa mwaka 1915 angali mtoto mdogo, na mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza wa mfalme, jambo ambalo watu wa nchi nyingine hulichukulia kuwa tiketi ya kiti cha enzi. Katika desturi ya Burundi mtoto wa kwanza si lazima awe mrithi, na Rwagasore hakuwahi kutangazwa kuwa ndiye. Pengine hilo ndilo lililomwachia nafasi ya kuwa mwanasiasa.

Mwaka 1945 alivuka mpaka na kuingia shule ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye, kusini mwa Rwanda. Shule hiyo iliendeshwa na mabruda wa Kikatoliki na ilikusanya vijana wa Rwanda na wa Burundi darasa moja, wengi wao wakiwa watoto wa machifu, ili watoke humo wakiwa makarani, waganga wasaidizi, mabwana shamba na machifu wa kesho. Karibu kila aliyekuja kuwa na neno katika siasa za nchi hizo mbili alipita Astrida au alimjua aliyepita. Kutoka huko Rwagasore alipelekwa Ubelgiji, katika chuo cha Antwerp kilichofundisha utawala wa makoloni. Alirudi nyumbani mwaka 1956.

Utawala ulitarajia kijana huyu achukue nafasi aliyoandaliwa, yaani uchifu, gari na sauti ya upole mbele ya Mzungu. Uchifu alipewa baadaye, mwaka 1959, huko Butanyerera, kaskazini mwa nchi. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshaelekea upande ambao haukutarajiwa. Alikwenda Buyenzi.

Mtaa usio na chifu

Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waafrika wa Usumbura, wenye barabara zilizonyooka na misikiti, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Wazee wake walikuwa wamefika kwa njia nyingi: wengine kutoka Manyema upande wa Kongo, wengine kutoka Ujiji na sehemu nyingine za Tanganyika, wakiwa askari na wapagazi wa zama za Wajerumani, wachuuzi, mafundi na wavuvi. Warundi waliohama milimani na kuingia mjini walijifunza Kiswahili chao, na baadhi yao waliingia pia katika dini yao. Kwa sheria ya Wabelgiji, mtaa huo ulikuwa nje ya mamlaka ya mila. Wakazi wake hawakuwa chini ya chifu yeyote wa Kirundi.

Kwa jicho la leo hilo laweza kuonekana kama uhuru. Kwa watu wa wakati ule lilikuwa jambo la mashaka, kwa kuwa mtu asiye na chifu hakuwa na mlima wa kuuita wake, na mtu asiye na mlima angeweza wakati wowote kuambiwa kwamba si wa hapa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo wazazi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakabatizwa. Ofisi za serikali zikawa za wengine, na Waswahili wakabaki na biashara. Hata neno mswahili lenyewe, katika kinywa cha watu wengi wa Burundi na Rwanda, likaja kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Wazee wa Kamembe, wa Bugarama na wa Biryogo kule Kigali wanaijua maana hiyo bila kufafanuliwa.

Biashara yenyewe ilikuwa na ukuta juu yake. Bidhaa ziliingizwa na makampuni ya Wazungu na kugawanywa na wafanyabiashara wa Kigiriki, Kihindi na Kiarabu. Mchuuzi wa Buyenzi alinunua kwa bei waliyoitaja wao, mara nyingi kwa mkopo, akauza kwa faida ndogo na kurudi kulipa kabla hajakusanya mtaji wa kumwezesha kununua kwa wingi. Hakuwa na njia ya kuwaruka wale wa juu yake, kwa sababu benki haikumfahamu na hakuwa na ardhi ya kuweka rehani.

Hapo ndipo Rwagasore alipoanzia siasa yake. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na wanachama wake wa mwanzo walikuwa hasa watu hao wa Usumbura. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza: wachuuzi mia wakichangia mtaji, wataagiza bidhaa wenyewe na kuhifadhi katika ghala lao, na faida iliyokuwa ikiishia kwa mtu wa kati itabaki kwao. Alitaka pia mkulima asiuze mazao yake kwa mnunuzi mmoja anayejipangia bei. Kahawa ilikuwa ndiyo zao lililoiletea nchi fedha, na mkulima aliyeivuna ndiye aliyepata sehemu ndogo kuliko wote.

Itakuwa si haki kwa historia kuusifu ushirika huo kupita kiasi. Mtaji ulikuwa mdogo kuliko ndoto. Hesabu hazikuwekwa vizuri, bidhaa zilitolewa kwa mkopo ambao haukurudi, na madeni yalikua haraka. Rwagasore alikuwa mtu wa kuwavuta watu, hakuwa mhasibu. Fedha ziliombwa katika Baraza Kuu la nchi ili kuuokoa, na utawala wa Kibelgiji, ambao tangu awali haukuupenda, ukapata sababu ya kuingia ndani na kuushika usukani. Wapinzani wake hawakuacha kulikumbusha jambo hilo wakati wa kampeni: atawezaje kuendesha hazina ya nchi mtu aliyeshindwa kuendesha duka?

Swali hilo lilikuwa halali. Hata hivyo, ushirika ulikuwa umemwachia kitu ambacho chama kingine hakikuwa nacho. Aliwajua wachuuzi wa mji kwa majina, na wao walimjua. Walikuwa watu wanaosafiri kila wiki kutoka soko hadi soko, wenye baiskeli na malori, wanaojua habari za Tanganyika kabla ya magazeti ya Kifaransa kuzichapa. Chama cha TANU cha Julius Nyerere kilikuwa kikipanda jirani yao, na Kiswahili ndicho kilichobeba maneno yake hadi Usumbura. UPRONA, yaani Umoja kwa ajili ya Maendeleo ya Taifa, ilipopata sura ya chama cha kisiasa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, Buyenzi ilikuwa miongoni mwa ngome zake za kwanza.

Alichowaahidi wapiga kura

Msimamo wa kwanza wa Rwagasore ulikuwa uhuru wa haraka. Chama pinzani kikubwa, PDC, ambacho kilijiita cha Kikristo na Kidemokrasia, kilitaka nchi iandaliwe kwanza: watu wazoee kura, watumishi wafundishwe, ndipo bendera ishushwe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi katika nchi yenye wahitimu wa vyuo vikuu wa kuhesabika kwa vidole. Jibu la Rwagasore lilikuwa kwamba Ubelgiji ulikuwa umeshapata zaidi ya miaka arobaini ya kuwaandaa watu, na kwamba asiyepewa kazi ya kujitawala hataijua kamwe. PDC iliongozwa na Joseph Biroli, msomi wa vyuo vya Ulaya, pamoja na ndugu yake Jean Ntidendereza. Wote wawili walikuwa wana wa Chifu Pierre Baranyanka, mtu wa karibu sana na Wabelgiji. Nyuma ya tofauti ya sera palikuwa na ugomvi mkongwe wa nasaba mbili za kifalme, Bezi na Batare, na wapiga kura wengi waliujua ugomvi huo kuliko walivyojua kipengele chochote cha ilani.

Msimamo wa pili ulihusu ufalme. Rwagasore aliutaka ubaki, lakini uwe wa kikatiba: mfalme awe juu ya vyama, na serikali iwajibike kwa wabunge waliochaguliwa. Ni jambo la kufikirisha kwamba mtoto wa mfalme ndiye aliyezunguka nchi akieleza kuwa baba yake asitawale. Mwambutsa hakulifurahia. Hakupenda jina la nyumba yake litumike na chama kimoja, na ndiyo maana katika mkutano mkuu wa chama mwaka 1960 Rwagasore alichukua cheo cha mshauri tu. Kila mtu alijua nani alikuwa kiongozi. Wanachama walijiita Abadasigana, jina la jeshi la zamani la mfalme, nalo liliwavutia watu wa milimani ambao maneno kama katiba na udhamini hayakuwaambia kitu.

Msimamo wa tatu, na ndio uliokuja kukumbukwa kuliko yote, ulikuwa umoja. Vyama vya Rwanda vilikuwa vimeshagawanyika kwa Wahutu na Watutsi, na tangu Novemba 1959 nyumba zilikuwa zimechomwa na watu kukimbia. Kutoka Cyangugu familia nyingi zilivuka Rusizi kuingia Kivu. Wengine walishuka hadi Burundi na hadithi zao zikafika nao. Rwagasore alikataa chama chake kiwe cha kabila. Orodha za wagombea wake zilichanganya Wahutu, Watutsi na Waganwa, na alipooa, Septemba 1959, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke wa Kihutu. Wabaya wake waliona ndoa hiyo ni hesabu ya siasa. Wafuasi wake waliona ni ushahidi.

Kwa watu wa Buyenzi umoja huo ulikuwa na maana ya ziada, ambayo vitabu vingi huipita haraka. Ikiwa taifa ni muungano wa makabila matatu yaliyohesabiwa na mkoloni, Mswahili hana kiti mezani. Ikiwa taifa ni watu wote wanaoishi nchini na kuifanyia kazi, basi anacho. Rwagasore aliwatendea kwa maana hiyo ya pili. Aliwaandikisha katika chama, akala nao, akafanya mikutano mitaani mwao, akawapa kazi ya kueneza chama mikoani. Utawala uliwatazama kwa mashaka kama wageni wanaoleta uchochezi kutoka Tanganyika na Kongo. Yeye aliwaomba kura.

Lipo na jambo ambalo hakulisema, ingawa lilitarajiwa kwake. Hakuahidi kuwafukuza Wazungu wala Wahindi, wala kunyang'anya mashamba ya misheni. Aliwahakikishia wageni usalama wa mali zao, akitaka tu wenyeji nao wapate nafasi ya kushindana. Hata hivyo, kwa sababu alikuwa na uhusiano mzuri na Patrice Lumumba wa Kongo, na kwa sababu alisema uhuru kwa sauti kubwa, aliitwa mkomunisti. Katika mwaka 1960, Kongo ikiwaka moto ng'ambo ya Rusizi, neno hilo lilitosha kumtisha padri na mwenye duka kwa pamoja.

Kutoka kifungoni hadi ushindi

Ubelgiji haukungoja wapiga kura waamue. Mwaka 1960 ulipitisha kanuni ya kuwazuia jamaa wa karibu wa Mwami kushiriki siasa, kanuni ambayo haikuhitaji kutaja jina ili ijulikane inamhusu nani. Rwagasore alijibu kwa kuwahimiza watu wasusie maduka ya Wabelgiji na wakatae kulipa kodi. Tarehe 27 Oktoba 1960 aliwekwa kizuizini nyumbani. Uchaguzi wa halmashauri ukafanyika akiwa amefungiwa, kuanzia katikati ya Novemba, na tarehe 9 Desemba, siku moja baada ya kura kumalizika, akaachiliwa. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876. UPRONA ilipata 545.

Kama mambo yangeishia hapo, jina lake lingekuwa la mwanamfalme aliyejaribu siasa na kushindwa. Lakini Ruanda-Urundi haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na huko New York wajumbe wa Afrika na Asia walikuwa wameshakuwa wengi. Umoja wa Mataifa ulitaka uchaguzi wa wabunge uahirishwe, vizuizi vya kisiasa viondolewe, na kura isimamiwe na tume yake, iliyoongozwa na Max Dorsinville wa Haiti. Ubelgiji ulikubali kwa shingo upande. Rwagasore akarudi barabarani.

Tarehe 18 Septemba 1961, siku ya Jumatatu, Warundi walipiga kura, wanaume kwa wanawake. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Ni ushindi ambao hata wanachama wake hawakuutegemea, na bado wanahistoria wanabishana juu ya sababu zake. Heshima ya mfalme ilisaidia. Kizuizi cha mwaka uliopita kilimgeuza kuwa shujaa. Wachuuzi wa Kiswahili na wakulima waliokuwa wakipeleka habari kutoka soko hadi soko walifanya kazi ambayo hakuna chombo cha serikali kilichoweza kuizuia. Na hofu ilikuwapo pia: watu walikuwa wamewaona wakimbizi wa Rwanda, wakataka chama kilichoahidi kwamba hayo hayatatokea kwao.

Katika hotuba yake ya ushindi hakujitapa. Aliwaambia walioshindwa kwamba ushindi si wa chama juu ya chama kingine, akawahimiza wafuasi wake watulie, na akawataka wananchi waipime serikali yake kwa matendo. Mwishoni mwa mwezi huo alishika uwaziri mkuu, na baraza lake likachanganya watu kama alivyoahidi. Miongoni mwao alikuwamo Pierre Ngendandumwe, Mhutu, ambaye baadaye naye angekuja kuwa waziri mkuu.

Wiki moja baada ya kura ya Burundi, tarehe 25 Septemba, Cyangugu na Rwanda nzima nazo zilipiga kura. Huko Parmehutu ilichukua viti 35 kati ya 44, UNAR saba na APROSOMA viwili, na katika swali la pili la siku hiyo wapiga kura waliukataa ufalme. Hivyo kando ya mto mmoja, chini ya gavana mmoja, zilizaliwa serikali mbili: moja iliyosimama juu ya jina la Wahutu walio wengi, nyingine iliyosimama juu ya jina la mfalme na umoja. Nyingi za familia za Rusizi zilikuwa na jamaa pande zote mbili za mpaka huo mpya, na waliyaona matokeo yote mawili kwa macho yao.

Usiku wa Oktoba 13

Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore alikuwa akila chakula cha usiku kwenye baraza ya Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, pamoja na watu wa serikali yake. Risasi moja ilifyatuliwa kutoka gizani. Alikufa papo hapo. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis, na uchunguzi ulifika haraka kwa waliomtuma: Ntidendereza na Biroli, viongozi wa chama kilichoshindwa, pamoja na wenzao, akiwamo mfanyabiashara mwingine wa Kigiriki, Michel Iatrou.

Kageorgis alihukumiwa na mahakama ya Ubelgiji na kuuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake walikuwa wamepewa vifungo. Baada ya uhuru serikali mpya ilifungua kesi upya, na Januari 1963 watano walinyongwa hadharani Gitega, wakiwamo wana wawili wa Baranyanka. Kwa wengi wa nyumba ya Bezi haki ilikuwa imetendeka. Kwa Batare ulikuwa mwanzo wa kisasi kingine.

Swali lililobaki lilimhusu mtawala mwenyewe. Roberto Régnier, ofisa mkuu wa Ubelgiji nchini Burundi, alitajwa katika ushahidi kuwa alizungumza na watu wake juu ya kuuawa kwa Rwagasore baada ya matokeo ya uchaguzi kujulikana. Hakushtakiwa. Mwaka 2021 mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte, aliyekwisha kuandika juu ya kifo cha Lumumba, alitoa kitabu kinachoweka lawama nzito kwa maofisa wa nchi yake. Bunge la Ubelgiji lilikuwa limeunda mwaka 2020 kamati maalumu ya kuchunguza yaliyotendwa Kongo, Rwanda na Burundi. Kamati hiyo ilimaliza kazi Desemba 2022 bila wajumbe wake kukubaliana juu ya kuomba radhi.

Marie-Rose aliachwa mjane katika miaka miwili tu ya ndoa, na mabinti wao wawili walifariki wakiwa wadogo. Uwaziri mkuu ulikwenda kwa shemeji ya marehemu, André Muhirwa. Chama kikagombana juu ya nani mrithi halali wa jina la Rwagasore, Muhirwa upande mmoja na Paul Mirerekano upande mwingine, na ugomvi huo ukaanza kuvaa sura ya Wahutu na Watutsi, sura ileile ambayo marehemu alikuwa ameikataa. Januari 1962 vijana waliojiita kwa jina lake waliwashambulia na kuwaua wanasiasa Wahutu huko Kamenge, mtaa mwingine wa Usumbura. Januari 1965 Ngendandumwe alipigwa risasi, siku chache tu baada ya kuteuliwa tena kuwa waziri mkuu. Novemba 1966 jeshi liliufuta ufalme. Ya mwaka 1972 yanajulikana.

Na sera zake? Ushirika wa wafanyabiashara haukufufuka. Ufalme wa kikatiba uliishi miaka minne na miezi michache baada ya uhuru. Umoja ukabaki katika hotuba za kila mtawala aliyefuata, hata wale waliouvunja. Buyenzi ilibaki mtaa wa Kiswahili. Watu wake waliingia katika uhuru wakiwa raia, ingawa maana ile mbaya ya neno mswahili haikuondoka midomoni mwa majirani. Upande wa pili wa mpaka, Waswahili wa Kamembe na Biryogo walingoja hadi mwaka 2017 ndipo bunge la Rwanda likapitisha Kiswahili kuwa moja ya lugha rasmi za nchi.

Oktoba 13 ni siku ya mapumziko nchini Burundi. Viongozi hupanda kilima cha Vugizo, juu ya Bujumbura, na kuweka mashada kwenye kaburi lake. Kutoka hapo mji wote huonekana, Buyenzi ikiwa ndani yake, na mbele ya mji ziwa. Kaskazini-magharibi huonekana uwanda ambao Rusizi huupita ikitokea Cyangugu.